Nyasi Kwenye Pamba ya Mama

Baba yangu alilisoma jina la mama mbele ya mkutano wa kijiji mara mbili, kwa sauti ileile, kutoka katika daftari lilelile. Mara ya kwanza lilikuwa katika orodha ya wavivu. Mara ya pili, kabla mwaka haujaisha, alilisoma kama jina la mkulima bora wa pamba wa kijiji kizima.

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Ilemela, Mwanza, nikamkuta anamwagia nyasi kavu maji ya samadi mbichi, chini ya migomba yake michache iliyobanwa na mawe. Nilisimama. Harufu ile si ya zizi wala si ya nyasi. Ni kali, ina uchachu kidogo, na ukiivuta mara moja inakaa kooni hadi umeze mate. Jirani alidhani nimekuja kulalamika, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia aendelee, tena amwage na upande wa pili, nikabaki pale hadi ndoo ikaisha.

Wazazi wangu walitoka ng'ambo ya ziwa, Bukoba, kwenye migomba na kahawa. Baba alikuwa mwalimu, na serikali ilimpanga shule ya kijiji kimoja cha Usukumani, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka Mwanza mjini, mahali ambapo ziwa ulikuwa unaliona tu ukipanda juu ya majabali. Mama alikuwa hajawahi kushika pamba isipokuwa ile iliyokwisha kuwa nguo. Lakini kila kaya ya kijiji ilitakiwa kulima, na kaya ya mwalimu haikusamehewa. Baba alikuwa darasani. Kwa hiyo mkulima alikuwa mama.

Tulilima bega kwa bega. Shamba lilikuwa moja, refu, likianzia juu kwenye jabali na kuteremka hadi karibu na mbuga, na lilikatwa vipande vilivyo sawa, vilivyopimwa kwa kamba moja. Kila kaya ilikuwa na kipande chake na kila kipande kilikuwa na kigingi chenye namba. Kila msimu vipande viligawanywa upya kwa kura, vikaratasi vikichanganywa ndani ya kofia ya mwenyekiti, ili asije mtu akajimilikisha mahali pazuri. Uzuri wa mpango ule, na ubaya wake, ni kwamba kazi ya kila mtu ilionekana. Ukisimama barabarani ulikuwa unasoma kijiji chote kwa mkupuo mmoja: huyu amepalilia, huyu bado, huyu mgonjwa, huyu anapenda pombe.

Msimu ule kura ilitupa kipande cha pili kutoka chini. Juu yetu alikuwa Mama Kabula, jirani yetu wa nyumbani pia, mwanamke mrefu mwenye ng'ombe wengi na mdomo usiopumzika. Misimu mitatu mfululizo yeye ndiye aliyekuwa mkulima bora, na mashairi ya wacheza ngoma wa pale yalikuwa yamekwisha kumtaja. Binti yake, Kabula, nilikaa naye dawati moja.

Pamba ilipofika magotini, mama alifanya kile ambacho mama yake alimfundisha kwenye migomba. Alikata nyasi kando ya vijito, akazikausha, akazitandaza kati ya mistari, kipande chote, hadi udongo usionekane. Kwao shamba la migomba lililo tupu chini ni aibu, ni kama nyumba isiyo na mkeka. Hakumuuliza mtu. Ilikuwa kama kufagia.

Mama Kabula alisimama mpakani na jembe begani.

"Mama Mwalimu, unamtandikia nani kitanda?"

"Naitandikia pamba."

"Pamba ya huku hailali, mayu. Inasimama." Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Basi itasimama juu ya kitanda."

Wanawake wa vipande vya jirani walicheka hadi wakaegemea majembe. Mama naye alicheka. Alikuwa anakijua Kiswahili kuliko wengi wao na Kisukuma kidogo kuliko wote, na alikuwa amejifunza kwamba ukicheka wa pili hucheki peke yako.

Kosa lake lilionekana siku ya tatu. Kwao Bukoba ng'ombe walikuwa wachache na walichungwa mbali na nyumba. Pale kijijini ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, na ilikuwa kipindi ambacho malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa amewaandalia karamu. Asubuhi tuliwakuta kumi na mmoja ndani ya kipande chetu, wametulia, wanakula kitanda cha pamba kuanzia pembeni kuelekea katikati kama watu wenye adabu. Miche michache ilikuwa imekanyagwa. Wote walikuwa wa Mama Kabula.

Nilidhani mama atagomba. Alikwenda kwa Mama Kabula na debe tupu, nami nyuma yake.

"Shikamoo, Mama Kabula," nikasema.

"Marahaba, ng'wanone. Mmekuja kudai nyasi?"

"Nimekuja kuomba mavi ya ng'ombe," mama akasema.

"Ya nini?"

"Ng'ombe wako wanakula walichokinyea?"

Mama Kabula alifikiri. "Hawali."

"Basi nipe."

Mama Kabula alicheka hadi akakaa chini kwenye kigogo cha zizi. "Chukua. Chukua yote, mayu! Ningejua mke wa mwalimu atanifagilia zizi, ningemwandikia waziri awalete mapema."

Tulibeba samadi siku nne. Mama aliikoroga na maji kwenye pipa, akainyunyizia juu ya nyasi kwa kata, na mimi nilibeba kwa debe dogo la samli. Shuleni wenzangu walihama dawati langu, wote isipokuwa Kabula, ambaye alikuwa amezoea. Ng'ombe walikuja tena, wakanusa, wakapiga chafya, wakaondoka.

Ndipo ilipokuja kamati ya ukaguzi. Kanuni ya pamba ilikuwa palizi tatu na udongo mtupu kati ya mistari. Wakaguzi walitembea barabarani, na kutoka barabarani kipande chetu kilikuwa cha kahawia mahali ambapo vingine vyote vilikuwa vyeusi. Mwenyekiti alisema nyasi zitaleta mchwa. Bwana shamba, kijana mpole mwenye pikipiki, alisema zitaficha wadudu. Mama alieleza. Bwana shamba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa, mama. Lakini kanuni haijakuelewa." Namba yetu ikaandikwa.

Sasa, mwandishi wa mkutano wa kijiji alikuwa baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mwandiko. Mchana wa siku ya mkutano alikuja kula na daftari kwapani, akaliweka mezani wazi, akanawa mikono. Mama alilisoma akiwa anapakua.

"Umeniandika kwa herufi kubwa."

"Wote nimewaandika kwa herufi kubwa."

Alipakua maharage. Baba akauliza, "Nyasi zitaondoka?"

"Hazitaondoka."

"Basi nitasoma."

"Soma. Usigugumize tu."

Hakugugumiza. Mbele ya ghala la pamba, watu wamekaa chini kwa safu, alisoma majina saba, na la mama lilikuwa la tano. Waliosomwa walitakiwa kusimama hadi mkutano uishe. Mama alisimama akiwa na mdogo wangu mgongoni. Kulikuwa na walevi wawili, mzee aliyeumwa mguu, na watu ambao kweli hawakupenda kazi, na katikati yao mama yangu, ambaye siku ile alikuwa ameamka kabla ya jogoo. Nilimtazama baba. Alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano na hakuinua kichwa.

Nilikuwa na miaka minane, na nililielewa jambo lile vibaya. Familia nyingi za kijiji kile zilikuwa zimeletwa na malori, na milango yao na miti ya mapaa, kutoka walikokuwa wakiishi. Kabula mwenyewe aliletwa hivyo, amekaa juu ya kinu. Nilipomuuliza wanaosomwa hufanywa nini, alijibu kwa uhakika wa mtu mwenye uzoefu: "Lori linawafuata." Nilimwamini. Tangu siku ile nilipanga vitu vyangu vidogo kwenye mfuko wa unga, na kila niliposikia injini nilihesabu watu wa nyumbani.

Mvua ikakatika. Haikuchelewa; ilikatika, kama uzi. Wiki ya tatu majani ya pamba shamba zima yalilala kama masikio ya mbuzi, na vitumba vichanga vikaanza kudondoka. Udongo mweusi wa palizi safi ulipasuka nyufa ambazo niliweza kuingiza kiganja. Kwetu majani yalilegea mchana na kusimama tena jioni.

Siku moja Mama Kabula alivuka mpaka. Hakusalimia. Alipiga magoti, akafunua nyasi zilizokuwa zimegandamana na samadi, akaingiza mkono chini yake hadi kwenye kifundo. Aliuacha humo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akautoa, ukiwa na udongo uliolowa, akaupangusa kwenye kanga yake na kurudi kipandeni kwake. Mama aliendelea kung'oa magugu. Nadhani hiyo ndiyo saa niliyomwona mama yangu akiwa mrefu kuliko watu wote.

Mvua zilirudi, chache. Tulipovuna, kila kaya ilichambua pamba yake kwenye mikeka nyumbani: safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa au iliyoliwa na wadudu, nayo hupokelewa daraja la chini. Mama alichambua kwa ukali. Tuliyoiona sisi watoto kuwa safi aliirudia tena, akatoa kipande cha jani kavu, kidogo kama ukucha wa mtoto, akanionyesha. Vidole vyangu vilikuwa na mikwaruzo ya maganda na hadi leo nikitaja neno usafi, mwilini mwangu linaanzia kwenye ncha za vidole.

Kisha likaja lori.

Lilipita shuleni wakati wa mapumziko, likielekea ghalani, na juu yake walikaa wanaume wanne. Sikuwaaga walimu. Nilikata njia kwenye mihogo, nikafika ghalani nikiwa sina pumzi, nikamkuta mama amesimama karibu kabisa na lori lenyewe, na dereva anaongea naye. Niliruka nikamshika kanga.

"Hajafanya kitu!" nikamwambia dereva. "Nyasi ni za kutandaza! Muulizeni Mama Kabula!"

Dereva alimtazama mama, mama akanitazama mimi.

"Mimi nabeba pamba, binti," dereva akasema. "Watu sijatumwa."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Unaliogopa lori tangu lini?"

"Tangu uliposimamishwa."

Alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye mzani, akaniambia nisimame pale pale na niangalie. Karani alipandisha magunia yetu moja moja na kupaza sauti: safi, safi, safi. Gunia moja tu la fifi, tena halikujaa. Watu waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala walianza kusimama ili waone. Kaya zilizopata magunia manne mwaka ule zilijiona zina bahati. Sisi tulikuwa na tisa. Mwenyekiti alikuja, akagonga mzani kwa kidole, akaamuru upimwe kwa jiwe la kupimia. Mzani haukuwa na kosa.

Mkutano wa zawadi ulifanyika mahali palepale, safu zilezile. Alikuja bwana kilimo kutoka wilayani, na mezani kulikuwa na cheti na jembe jipya, bado lina mafuta ya kiwandani. Baba alisimama na daftari. Alisoma namba ya kipande, akasoma magunia, akasoma daraja. Kisha akasoma jina kamili la mama, lile la ubatizo na la ukoo wa kwao, ambalo pale kijijini hakuna aliyewahi kulisikia kwa sababu kila mtu alimwita Mama Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya wavivu. Lakini alipomaliza hakukaa. Alibaki amesimama, daftari kifuani, hadi mama alipofika mezani.

Mama alipokea cheti na jembe kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama wanavyopokea kwao. Vigelegele vilikuwa vya kiasi; watu walikuwa bado wanapima. Ndipo Mama Kabula alipoinuka kutoka safu ya mbele, akaenda moja kwa moja, akamnyang'anya jembe. Alilitazama, akalipima uzito, halafu akalirusha juu likizunguka, akalidaka kwa mpini, akalirusha tena, akapiga mguu chini, kama wacheza ngoma wa jembe wafanyavyo mbele ya mlimaji wanayemkubali. Ngoma haikuwepo, kwa hiyo watu walipiga makofi badala yake. Alizunguka mara tatu, jasho linamtoka, akamrudishia mama jembe lake.

"Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma, kisha akageukia mkutano na kupaza sauti: "Lakini kile kipande kipo chini! Kimekunywa maji yetu sote!"

Mkutano ukalipuka kwa kicheko na ubishi. Bwana shamba alifungua kijitabu chake palepale na kumuuliza mama: ni nyasi, ni samadi, au ni kipande?

"Ni nyasi," mama akasema. "Samadi ilikuwa ya ng'ombe wa mwenzangu."

"Ni kipande," Mama Kabula akasema. "Hata ningepanda vijiti pale."

Bwana shamba aliandika yote mawili.

Furaha ya mama ilikuwa na mfupa ndani yake. Cheti kilitundikwa ukutani, wageni walikisoma, watoto wa shule waliletwa na baba kukitazama, na yeye akiwa jikoni alisikia kila mara mtu akimalizia kwa kusema kipande kilikuwa kizuri. Kwa hiyo siku ya kura ya msimu uliofuata alisimama kabla kofia haijazungushwa.

"Naomba kile cha jabali."

Kile cha jabali kilikuwa cha juu kabisa, udongo wake mwembamba na kokoto tupu. Aliyekipata kila mwaka alipewa pole.

"Kura ni kura, mama," mwenyekiti akasema.

"Basi atakayekipata nitabadilishana naye."

Mzee aliyekipata alibadilishana haraka, kabla mama hajarudiwa na akili. Mama Kabula alipiga kofi pajani. "Utavuna mijusi!"

"Nitaichambua," mama akajibu. "Safi huku, fifi kule."

Alitandaza nyasi mara mbili ya mwaka uliotangulia. Safari hii kamati ilipita bila kuandika, na kaya tatu zilimwiga, moja kwa siri. Mvua ilikuwa ya wastani, si ya kumpendelea mtu. Vitumba vilishika. Nilivihesabu mche kwa mche baada ya masomo na kumletea mama hesabu, naye aliipokea kwa uzito, kana kwamba mimi ndiye bwana shamba.

Barua ya uhamisho wa baba ilifika vitumba vikiwa vimefungwa bado, vimebakiza wiki chache kupasuka. Alitakiwa kuripoti Mwanza mjini mara moja. Mama aliomba abaki hadi avune. Lakini nyumba ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu mpya alikuwa njiani na familia yake.

Asubuhi ya safari mama alimpeleka Mama Kabula hadi juu kwenye jabali. Niliwafuata.

"Vuna wewe," mama akamwambia. "Pamba ni yako. Nataka kitu kimoja tu. Ipime peke yake, kisha unipe habari."

Mama Kabula alitembeza macho kipande kizima, kutoka jiwe hadi kigingi. "Nitakupa habari," akasema.

Habari haikuja. Miaka ya mwanzo mama alisema labda barua imepotea, kwa kuwa Mama Kabula hakujua kuandika na angemtegemea mtu. Baadaye alisema labda kaona aibu. Siku nyingine, akiwa amekasirika na mambo mengine, alisema labda kweli ilikuwa mijusi. Baba alifariki, cheti kikaliwa na mchwa pembeni kikahamishiwa kwenye fremu ya kioo, na swali likabaki mezani kwetu kama mtu wa nyumbani.

Kazi yangu ilikuja kuwa ya kuuliza watu maswali. Basi baada ya harufu ile kwa jirani nilipanda gari nikaenda kijijini kule. Ghala lipo, halina paa. Mama Kabula alikwisha kufariki. Kabula nilimkuta, ana wajukuu, akanikumbatia kabla sijajitambulisha, akacheka kwa kicheko cha mama yake. Nilimuuliza. Aliikumbuka pamba ile vizuri. Alisema waliivuna siku tatu, kwamba ilikuwa nzuri, kwamba mama yake aliichambua mwenyewe bila kumruhusu mtu aiguse. Msimu ule Mama Kabula alitangazwa mkulima bora tena.

"Na ilipimwa?" nikauliza.

"Ilipimwa yote. Aliimwaga pamoja na yetu kwenye mkeka mmoja."

Niliandika hivyo na kurudi. Mama sasa anasikia kwa shida, ilibidi nimsomee kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akauliza jambo moja tu: aliimwaga kwenye mkeka kabla ya kuipima, au baada ya kuipima?

Sikuwa nimeuliza.